Mashine ya Wajawazito

Sisi watu wa ziwani, mwili ukichemka hatuulizi maswali. Ni malaria, basi. Mwaka huo, tisini na kitu, nilikuwa nimetoka kwetu ziwani na binti yangu wa kwanza, hata kutembea hajajua, na tulipofika tu jijini, chumbani kwetu mtaa wa Kianda, akashikwa na homa. Majirani wakasema malaria, mimi nikasema malaria, na muuza dawa akanipa dawa ya malaria bila hata kumgusa mtoto.

Dawa iliisha, homa ikabaki pale pale. Asubuhi moja nikaona mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, na titi hataki. Dada yangu, aliyekuwa akiishi Kawangware, alikuwa amekuja kutuona. Hakubishana nami. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Wewe baki na malaria yako, mimi naenda kwa daktari." Nikamfuata mbio hadi kliniki moja ndogo karibu na mtaa wa Satellite.

Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Alishuku nimonia, lakini mashine ya eksirei ilikuwa imeharibika, na kumtuma mbali katika hali ile aliogopa. Akatuingiza chumba cha pili. Humo ndimo walimowapima wajawazito kwa mashine ya kuonyesha mtoto tumboni, na mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa tayari amelala kitandani, tumbo limepakwa jeli.

Nilikuja juu. "Daktari, mtoto wangu hapumui, nawe unamletea mambo ya mimba?"

Yule mwanamke ndiye aliyeninyamazisha. Aliteremka kitandani polepole, akajifunga leso juu ya jeli, akasema, "Lete mtoto, mama. Wangu atangoja."

Daktari alifuta mafuta mazito niliyomsiliba mtoto kifuani, akapitisha kidude cha ile mashine katikati ya mbavu. "Pafu lenye hewa halionekani hivi," alisema, akinionyesha kioo cha mashine. "Hapa hewa haiingii. Pamejaa, panafanana na ini. Ni nimonia." Ini nalijua, nimelinunua buchani maisha yangu yote. Nilipoliona mahali pa pumzi ya mtoto wangu, nilimshika dada yangu mkono.

Akamwekea oksijeni, akamchoma sindano hapo hapo. Mtoto hakulia. Alifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Hilo liliniogopesha kuliko nilichokiona kwenye mashine.

Tukalazwa hapo, sindano baada ya sindano, nami nikimtazama mbavu tu. Halafu mchana mmoja sindano ilipoingia, binti yangu alikunja uso, akavuta pumzi ndefu, akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Dada yangu akanyoosha mikono ambembeleze.

"Mwache," nikamwambia, nacheka huku machozi yananitoka. "Mwache alie."