Mchicha Juu ya Kitanda cha Mama

Baba alipofariki, mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yetu ya tembe hapa Tabora. Kukaa ndani hakukunitisha, ni ada. Kilichonitisha ni kwamba aliacha kula. Matonge mawili, anageukia ukutani. Shangazi, dada yake baba, alimbembeleza kwa uji, kwa mchuzi, kwa dua. Wapi! Nilikuwa na miaka kumi, na niliogopa, wallahi, kwamba nitazika wazazi wawili mwaka mmoja.

Kitu pekee alichotamani ni mchicha wa bustani yake kule bondeni, na huko asingeweza kwenda. Wa sokoni aliukataa. "Umekomaa, wapeni mbuzi." Basi nikasema bustani itamfuata. Shuleni tulikuwa tukiimbishwa kilimo cha kufa na kupona mpaka masikio yanauma, nikamwomba mwalimu mbegu, akanipa gao moja, kiasi cha kujaa kiganja. Uani kulikuwa na madebe matupu ya baba, aliyekuwa akienda Ipole kununua asali. Niliyatoboa kwa msumari, nikayapandisha juu ya paa bapa ambako kuku hawafiki, kisha nikapeleka udongo na samadi kapu kwa kapu. Shangazi alipiga kelele kwamba nitavunjika shingo. Mimi na ubishi wangu, nani aniweze?

Nilimwagilia kama mwendawazimu, asubuhi ndoo, jioni ndoo. Mchicha ukaota, umebanana. Ila nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa tembe analijua: paa letu ni la udongo, na udongo hunywa.

Jioni moja nikasikia ukelele kutoka chini. "Nani ananimwagia maji kitandani?" Loo! Ngazi ikalia, mama akatokeza, nguo za eda zimejaa matope, macho yanawaka.

"Wifi, uko edani!" shangazi alilia kutoka uani.

"Niko edani, sijafa!"

Ukuta mfupi uliozunguka paa ulimsitiri na macho ya watu. Aliyatazama yale madebe, akayatambua. Nikangoja kofi. Yeye akachuchumaa. "Sasa wewe, umeusonga hivi, utapumua wapi?" Akaanza kupunguza, anang'oa miche midogo na kuitia kwenye upindo wa nguo, anagomba, analia, anagomba tena. Mchicha ule mchanga shangazi aliupika kwa karanga, na mama akala na ugali mpaka akakomba sahani. Nilijificha jikoni nikalia kwa furaha.

Kesho yake tuliyasogeza madebe pembeni, lakini moja nililiacha palepale juu ya kitanda. Nilisema ni zito. Uongo mtupu. Kila jioni nililiongezea kikombe kimoja cha maji, kusudi, halafu nikainama kusikiliza. Mpaka sauti ya mama ipande kutoka chini, "Wewe mtoto, basi!", ndipo niliposhuka.