Uso Ulio Chini ya Gari

Zamani ukiona tangazo la gari jipya linang'aa ukutani, basi jua Mzee Gundi ndiye aliyelibandika. Ngazi begani, ndoo mkononi, brashi pana kama ufagio. Magari, matairi, mashirika ya ndege, yote aliyapandisha kwenye kuta za mji, na yeye akaenda kwa miguu mpaka alipostaafu. Gundi ya kazi aliipika mwenyewe, unga wa ngano na gundi ya seremala, na kwa gundi hiyo alijivuna kupita kiasi. Wenzake wakibandika leo, kesho karatasi inaning'inia. Ya kwake, ukitaka kuibandua, ubandue na plasta ya ukuta.

Mwaka aliooa, shirika moja la ndege lilitafuta sura ya abiria. Mchoraji alimwona mke wa Mzee Gundi pale kiwanda cha uchapaji, amemletea mumewe chakula, akamwomba asimame kidogo. Akamchora juu ya ngazi ya ndege, kashika kofia, anacheka. Mzee Gundi akambandika mkewe mji mzima kwa mikono yake, kichwa kimemvimba hapiti mlangoni. Miezi ikapita, likaja agizo la magari madogo. Akapanda ngazi, akambandikia gari usoni. Kazi ni kazi, sasa angefanyaje?

Mkewe alifariki binti yao akiwa bado wa kubebwa. Picha zao mbili tatu zikaharibiwa na maji, bomba lilipopasuka. Binti akakua, akawa fundi cherehani, akawa mama, na hajui mama yake alifananaje.

Ndipo wakasikia ukuta wa gereji ya zamani unabomolewa. Mzee akakumbuka kwamba lile tangazo la ndege liko pale, chini ya matangazo yote. Siku hiyo binti hakushona. Wakaenda na maji ya moto, sponji na kisu butu. Fundi wa gereji akawapisha, akamtania: "Mzee, leo unabandua mwenyewe?"

Gari la juu lilitoka kwa taabu. Chini yake matairi, chini yake gari jingine. Binti alilowesha taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga. Likatokea bawa la ndege. Ngazi. Viatu vyekundu. Gauni.

"Baba, ndiye huyu?"

"Ndiye. Polepole sasa."

Walipofika shingoni, gundi ikagoma. Pale juu upepo hupiga sana, na mzee akakumbuka alivyopaka gundi mara mbili ili lile gari lisije likabanduka na kumwaibisha. Akashika kisu mwenyewe. Karatasi ikachanika. Gari likatoka, uso ukatoka nalo vipande vipande, ikabaki plasta tupu.

Mzee akaketi juu ya tairi bovu. Moyo ulimuuma asijue pa kuuweka.

"Wewe ulimbandika mji mzima," binti akasema. "Nyumbani hukubakiza hata picha moja?"

"Mama yako aliniomba. Alitaka tuweke moja chumbani." Mzee akapangusa mikono kwenye suruali. "Nikamcheka. Nikamwambia, mtu mwenyewe ninaye, picha ya nini?"

Binti akachovya sponji, akarudi ukutani kuvibandua vile viatu vyekundu, angalau hivyo aende navyo nyumbani.