Nitukane Ukiwa Hai

Siku ile ninaikumbuka, mwanangu Mwende, hata vumbi lake ninalikumbuka. Ndiyo siku Sajini Barasa alinitangaza maiti mbele ya kikosi kizima, na mimi nimelala pale chini nimetoa macho, njaa inaniuma.

Cheka tu, cheka. Tangu ushuke kutoka kambini hatujaona jino lako. Leo ni siku ya soko, Masii yote inapita hapo nje na magunia yake ya maharagwe, watu wanakusalimia na wewe unaitikia ukiangalia viatu. Umeniambia umeanguka ule mtihani wa huduma ya kwanza. Ulikuwa unamfunga paja askari mwenzako, eti amepigwa risasi, akalia kwa uchungu, nawe ukaulegeza kidogo ule mkanda wa kuzuia damu. Jumatatu unarudia. Ukianguka tena, wenzako watapanda malori waende mpakani, na wewe utabaki stoo kukunja mablanketi. Yote hayo nimeyasikia nikinywa chai. Lakini uliposema, "Anko, yule mkaguzi ni mtu wa roho mbaya," hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Baba yako hawezi kukusimulia haya. Kioko akianza tu, machozi yanamlenga, halafu anajifanya amesikia ng'ombe amekata kamba. Wacha nikusimulie mimi, maana nilikuwa naye, na mguu uliofungwa ulikuwa wangu.

Tuliandikwa jeshi pamoja, mimi na baba yako, siku moja, pale uwanjani Machakos. Mama zetu walitusindikiza hadi stendi na wakatuapisha: mtakwenda pamoja, mtarudi pamoja. Kioko alikuwa mrefu, ana mbio, ana shabaha ya kutisha, lakini moyo wake ulikuwa laini mno. Nyumbani kwao kuku akitakiwa kuchinjwa, Kioko utamkuta mtoni ameenda kuchota maji ambayo hakuna aliyemtuma. Ai! Mwanamume mzima! Tulimcheka sana kwa hilo, lakini ukiugua, yeye ndiye ungetaka akae nawe.

Basi tukaambiwa kikosi chetu kitapelekwa mpakani, na kabla ya kwenda kila mtu apimwe kama anaweza kuokoa mwenzake. Mmoja analala chini amejeruhiwa, mwingine anamhudumia, kisha mnabadilishana. Siku hizo hatukuwa na hiyo mikanda yenu inayokuja na kijiti chake. Tulikuwa na kitambaa, na kijiko cha chuma tulichopewa cha kulia chakula. Unafunga kitambaa juu ya jeraha, unapitisha kijiko kwenye fundo, unakizungusha mpaka damu ikome. Mpimaji wetu alikuwa Sajini Barasa, mtu wa tiba, mvi zimeanza, sauti ya chini. Hakuwahi kumfokea mtu. Tulimwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Mimi nikalala. Niliagizwa nipige kelele kama mtu aliyevunjwa paja, na wewe unanijua, sikuhitaji kuombwa mara mbili. Nilimwita mama, nikamwita padri, nikawaaga mbuzi wetu kwa majina. Vijana wakavunjika mbavu. Baba yako hakucheka. Alinivuta nyuma ya jiwe, akakata suruali, akafunga kitambaa mahali panapotakiwa, akapitisha kijiko, akaanza kuzungusha. Kila kitu sawasawa. Kisha kile kitambaa kikaniuma kweli kweli. Mwanangu, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilisahau maigizo yote. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, "Kioko, pole pole bwana, unaniumiza."

Akarudisha kijiko nyuma kidogo. Kidogo tu, kwa upendo.

Sajini akaja, akachutama, akatia vidole viwili chini ya kitambaa. Vikapita bila shida. Akasimama, akajipangusa magoti, akasema, "Huyu amekufa."

"Afande, niko hai," nikasema.

"Wewe marehemu nyamaza."

Kikosi kizima kikaangua kicheko. Mimi nikaona mzaha, nikainuka nimtetee rafiki yangu. Nikasema, Afande, amefanya vizuri, ni mimi nimelalamika, msamehe, sisi ni watu wa kijiji kimoja. Barasa alinipita. Alimgeukia baba yako akamuuliza taratibu, "Umemhurumia nani hapa? Huyu, ama wewe?"

Kioko akasema, "Huyu, Afande. Alikuwa anaumia."

"Hapana. Huyu anahitaji kubaki na damu yake. Wewe ndiye ulitaka kelele ziishe. Uliogopa akuchukie." Akainama, akachukua kijiko, akampa mkononi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimewapelekea akina mama wengi habari mbaya, kijana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mtoto wake alifungwa pole pole."

Kicheko kilikatika. Baba yako aliambiwa atabaki stoo, asiporudia mtihani kabla hatujaondoka na kuupita. Mara moja tu. Ndiyo, stoo ile ile unayoiogopa wewe. Maji hufuata mkondo.

Nilidhani atakasirika kama mimi nilivyokasirika. Nilimtukana Barasa jioni nzima tukifua nguo. Kioko alikuwa anakamua shati lake tu, analikamua hata baada ya maji kuisha. Mwishowe akaniambia, "Musyoka, mzee yuko sawa. Nilisikia sauti yako, mkono ukalegea wenyewe. Kama mkono wangu unakutii wewe hapa, huko utakutii pia." Halafu akaniomba nimuazime mguu wangu.

Basi kila mchana, wenzetu wakipumzika, sisi tulikuwa nyuma ya jikoni, mimi nimelala kwenye magunia ya viazi, yeye na kijiko chake. Siku za kwanza ilikuwa aibu tupu. Nikiguna tu, analegeza. Nikifumba macho, analegeza. Nikaona kumlilia kunamharibu zaidi, nikajaribu njia nyingine: nikaanza kumtukana. Yesu wangu, nilimtukana! Nilitukana masikio yake, nikatukana mbuzi wao waliokonda, nikatukana hata muthokoi wa nyanya yako, ule ule wa mahindi na maharagwe niliolelewa nao, nikasema hata kuku angeukataa. Na hapo ndipo alipopata dawa. Siku moja katikati ya matusi akakaza meno, akazungusha kijiko tena, akanijibu, "Nitukane tu. Nitukane ukiwa hai."

Ikawa ndiyo sala yake. Kila akikaza anaisema. Siku ya kurudia mtihani nililia machozi ya kweli, na Barasa alipojaribu kutia vidole, havikupita. Akasema, "Huyu ataishi," akaenda kwa mwingine. Hakumpongeza hata kwa kichwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa sipendi kurudia.

Mpakani tulikuwa tunakwenda kisimani asubuhi, jua limetoka, kila mtu na mtungi wake. Kuna kitu kilikuwa kimefukiwa njiani. Nilikikanyaga mimi. Sikusikia mlio, mwanangu. Niliona tu mbingu, halafu nikauona uso wa baba yako juu yangu, umejaa vumbi. Mguu wa kulia kuanzia hapa chini ya goti haukuwepo. Damu ilikuwa inatoka, naiona, na nilishindwa kuelewa kwamba ni yangu.

Akatoa kitambaa. Akatoa kijiko. Uchungu wa mguu sikuwa nimeusikia bado, lakini ule wa kitambaa niliusikia wote. Gari lilikuwa mbali, na barabara yenyewe ni mawe matupu. Njia nzima nilimsihi alegeze. Sikumtukana siku hiyo, nguvu za matusi ningezitoa wapi? Nilimbembeleza. Nikamwambia, Kioko, kwa ajili ya mama yangu, legeza kidogo tu. Nikamwambia, tumenyonya kijiji kimoja. Nikamwambia, usipolegeza, mimi na wewe tumekwisha, sitakujua tena. Alikuwa ameshika kile kijiko kwa mikono miwili, kimeanza kupinda, na machozi yake yanadondoka kwenye shingo yangu. Na bado akazungusha. "Nitukane, Musyoka," alikuwa anasema. "Tafadhali nitukane. Nitukane ukiwa hai."

Daktari aliniambia baadaye kwamba mguu niliuacha palepale njiani. Kilichoshikwa na kijiko ni roho. Nami sikutaka kusikia. Kijana wa umri wangu, mguu mmoja, nilitafuta wa kumlaumu na niliyemkumbuka ni yule aliyeniumiza. Baba yako alikuja hospitali na machungwa. Nikageukia ukuta. Akayaweka juu ya kabati, akakaa kidogo, akaenda. Akarudi tena na mengine, nikageuka tena. Hakunigombeza, wala hakunikumbusha alichofanya. Alikuwa amekubali nimchukie, mradi niwe hai wa kumchukia. Siku moja njaa ilinishinda, nikamenya chungwa moja, nikala nikilia, na aliporudi nikamwuliza mbona ameleta machungwa machachu hivi. Alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Mambo ni hayo, mwanangu. Ninachotaka ushike ni hiki. Mtu akisema unamuumiza, msikilize, lakini jiulize kwanza anachohitaji ni kipi, na wewe unachoogopa ni kipi. Huruma inayolegeza mkono ili ipendwe ni ya kujihurumia mwenyewe. Utaikuta hata nje ya jeshi: mzazi anayeshindwa kumkanya mtoto, rafiki anayeona mwenzake anaangamia kwa pombe na kumnunulia nyingine. Wapole wengi wamezikwa na wapole. Usiuue upole wako, baba yako hajaupoteza hata leo, kuku bado wanamshinda. Ila mkono uufundishe kabla ya siku yake, kwa maana siku hiyo mkono hufanya ulichozoea. Na yule mkaguzi uliyemwita wa roho mbaya, ukipita Jumatatu, mpigie saluti ya moyoni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sogea hapa nikubariki kama tulivyobarikiwa na wazee wetu. Nakutemea mate haya kifuani, mwana wa Kioko: Mungu akutangulie katika kila njia utakayoikanyaga. Moyo wako ubaki laini, mikono yako iwe migumu. Yeyote utakayemfunga aishi mpaka akuchoshe kwa maneno, kama mimi ninavyomchosha baba yako.

Sasa toa huo mkanda kwenye begi. Ndiyo, sasa hivi. Mguu niliobaki nao ni huu mmoja, nakuazima kama nilivyomuazima baba yako. Funga hapa juu, pitisha, zungusha. Nitalia, nakuonya. Nitakubembeleza kwa jina la mama yako. Baba yako akiingia langoni kutoka sokoni na kunisikia, hatauliza kitu, ataenda kuangalia ng'ombe. Wewe usinyanyue kichwa mpaka vidole vyangu vikatae kupita.

Haya, mwanangu. Kaza.