Pale Aliposimama Bwana Harusi

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila mkasi mdogo ukining'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa mke wa mpiga picha, na jinsi alivyofika pale ni kisa ambacho mumewe alipenda kuwasimulia wateja: binti alikuja kupigwa picha ya pasipoti, safari hakwenda, akabaki na mpiga picha. Wateja walicheka, na Mkasi alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha kusafishia picha cha enzi za filamu. Dirisha lake lilizibwa kwa matofali na kuta zikapakwa rangi nyeusi ili mwanga usipenye, na filamu zilipopitwa na wakati hakuna aliyekumbuka kulizibua. Humo ndimo Mkasi alimopambia albamu. Mumewe alipiga picha za harusi, yeye akazibandika kwenye kurasa nene, akazizungushia utepe, vipande vya lesi na maua aliyoyakata kwenye karatasi za zawadi. Jikoni na chumba cha kulala vilikuwa nyuma zaidi, kwa hiyo kila alipotaka kutoka ilimlazimu kupita mbele ya meza ya mapokezi, alipokaa mama mkwe wake. Mama mkwe huyo hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza tu kwa upole, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Lakini mtu akishaulizwa hivyo kila avukapo kizingiti, mwisho huona heri akae.

Zamani Mkasi alikuwa na mawazo mengi. Aliwahi kupanga ukurasa mzima kwa umbo la vigae vya jikoni, na mwingine akaupamba kwa mistari aliyoiona kwenye ubavu wa gari la maziwa. Mumewe alizitazama kurasa zile, akakuna kichwa, akasema watu hulipia wanachokijua. Wanachokijua ni waridi, mioyo na njiwa wawili. Basi Mkasi akakata waridi mpaka kidole gumba kikaota sugu, na ikafika mahali hata akifumba macho anaona waridi.

Asubuhi moja akaja mkunga wa zahanati ya jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, kabeba albamu kwapani. Mkasi aliitambua kabla haijafunguliwa, maana aliipamba mwenyewe miaka mingi nyuma. Mkunga akaeleza bila kuzunguka. Mume ameondoka, ana nyumba nyingine, na yeye hataki tena kuiona sura yake. Lakini picha hataki kuzichana. Kwenye picha hizo yumo mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, na yumo yeye mwenyewe siku aliyokuwa mzuri kuliko siku zote.

Mpiga picha alimwambia hilo jambo dogo, atamfuta kwa kompyuta. Mkunga akatikisa kichwa. Alishajaribu kwingine, wakamfuta mume wakaweka ukuta mahali pake.

"Mkono wangu ukabaki palepale," akasema. "Nimekumbatia ukuta, na ninacheka."

Kazi ikaangukia chumba cha nyuma. Kumtoa bwana harusi hakukumpa Mkasi shida. Alimkata taratibu kuanzia kola hadi viatu, ukurasa baada ya ukurasa, akambwaga kwenye pipa la takataka. Shida ilikuwa lile tundu. Alipoliziba kwa waridi, bwana harusi akaonekana kama amejificha nyuma ya kichaka akimvizia mkewe. Alipoweka lesi, akawa kama maiti iliyofunikwa shuka. Vipepeo vilifanya ukurasa ufanane na daftari la mtoto wa chekechea, na karatasi nyeusi ilitisha kabisa. Mkasi alibandika, akabandua, akabandika tena, mpaka gundi ikamkauka kwenye kucha.

Alizunguka chumbani akitafuta hata cha kuiga. Kulikuwa na makopo ya gundi, mifuniko ya maboksi ya biskuti, kalenda zilizokwisha na kuta nyeusi. Kila kitu mle alikwisha kukitumia. Alimwomba mumewe ruhusa aende kwenye maduka ya vitambaa akatazame michoro. Mumewe akajibu, bila ubaya wowote, kwamba ataje anachotaka kitaletwa. Mkasi alifungua kinywa ataje, akagundua hana cha kutaja. Alirudi ndani, akakaa juu ya kigoda, akahisi zile kuta zimemsogelea kidogo.

Mkunga alizoea kupita mchana akitoka kazini, kutazama maendeleo. Siku hiyo aliingia mpaka chumba cha nyuma, akajipepea kwa kitambaa cha kichwa na kutazama huku na huku.

"Mwenzangu, hewa humu unapata wapi?"

"Nimezoea."

"Sikukuuliza kama umezoea."

Mkasi akajifanya anatafuta gundi. Mkunga naye hakumsukuma. Alitoa mkobani bahasha ya picha, akamwaga mezani kuonyesha watoto aliowazalisha, maana mama zao humletea picha kila mwaka. Alizichambua moja moja: huyu alitanguliza miguu, huyu alizaliwa umeme umekatika, huyu sasa anamshinda baba yake kimo. Akaziacha pale, akasema atazichukua kesho.

Alipoondoka, Mkasi aliinua picha ya kulishana keki, aliyokuwa ameibandua kwenye ukurasa wake, aisogeze pembeni, akaiweka juu ya picha za watoto bila kutazama. Alipotazama, aliinama karibu zaidi. Ndani ya umbo la bwana harusi, palipokuwa na suti, sasa palijaa shavu la mtoto na ngumi yake ndogo, na bibi harusi wa ujana alikuwa akimlisha keki yule mtoto. Mkasi aliisogeza picha kidogo, akatokea mtoto mwingine. Akaisogeza tena. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyesikia akiitwa jina lake la utotoni.

Hakuziba tena. Alitoboa kurasa zenyewe, umbo kamili la bwana harusi, na nyuma ya kila tundu akapanga picha za watoto wale kwenye ukurasa unaofuata, ili mtu aone kipande kabla ya kuona kizima. Palepale mume alipomshika mkewe kiuno, pakatokea kundi la watoto kwenye ngazi za zahanati. Na ukigeuza ukurasa, tundu lilelile lilimwonyesha marehemu mama wa mkunga aliyekuwa ukurasa wa nyuma, akipiga makofi.

Mpiga picha alipoona, uso ulimshuka. "Umetoboa albamu ya mteja? Sasa tutamwambia nini?"

Hawakuhitaji kumwambia kitu. Mkunga alikaa chini, akafungua mwanzo, akageuza, akarudi, akageuza tena. Alipitisha mkono wake mzima kwenye tundu, akavichezesha vidole upande wa pili. Machozi yalimlengalenga, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni.

"Angalau sasa huyu bwana ana kazi," akasema. "Miaka yote ile hakuwa nayo."

Alimkumbatia Mkasi kwa nguvu, akaenda zake na albamu yake, akawaonyesha wauguzi wote. Habari ikatembea. Mpiga picha, ambaye hakuwa mtu wa kuchezea bahati, akaandika kibao cha albamu za matundu na kukitundika mlangoni. Walikuja walioachwa na waliofiwa. Walikuja hata wachumba ambao hawajaoana, wakitaka matundu ya mioyo kwa sababu ndiyo mtindo. Kila mmoja alisema anataka kama ile ya mkunga. Mkasi akakaa chini ya balbu yake akitoboa asubuhi mpaka jioni, na sasa alipofumba macho hakuona waridi, aliona matundu.

Siku moja akauweka mkasi mezani, akaenda mbele na kumwambia mumewe kwamba mawazo yamekwisha.

"Fanya kama lile," mumewe akamjibu.

"Lile lilikuwa la mkunga. Nataka kutoka kila asubuhi nikatazame mambo."

"Kuna nini huko nje usichoweza kukiona kwenye simu?"

"Sijui. Ningekijua ningekutuma ulete."

Mpiga picha alimtazama mama yake, mama yake akatazama kitabu cha oda. Ilikuwa kazi, na kazi hawakuweza kuikatalia. Wakakubaliana: asubuhi, kabla ya wateja, na asichelewe.

Siku za mwanzo Mkasi alirudi na ushahidi mkononi: lebo ya chupa, jani lililoliwa na wadudu, kipande cha karatasi ya kufungia mkate. Mama mkwe alivipokea, akavigeuzageuza, akauliza kwa upole vitatumikaje. Mkasi akaeleza. Hata matembezi yale yakaanza kunukia chumba cha nyuma, kwa sababu alitembea akitafuta cha kueleza.

Asubuhi moja alisimama mahali mafundi walipokuwa wakibomoa ukuta wa ghala. Aliwatazama wakitoa tofali moja moja, vumbi likimjaa nywele. Hakuokota kitu. Hakuwaza ukurasa wowote. Jua lilipopanda alirudi bila haraka, akakuta wateja wawili tayari wamekaa na mumewe anatazama saa.

"Umeleta nini leo, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Sijaleta kitu, mama."

"Na hicho usichokileta ndicho ulichokuwa ukikitazama muda wote huo?"

"Ndicho, mama."

Akapita, akaingia chumbani kwake, akawasha balbu. Kesho yake alitoka tena.