Santuri inayofundisha watoto kunawa

Jamani, leo nimelowa jasho shuleni!

Mkaguzi Mzungu kaja kupima kama santuri ya somo la afya inafundisha kweli. Binti yangu Zuhura akijibu vizuri, anapanda darasa. Mie, kuli mbeba mizigo wa mtaa wa Gerezani, nimekaa nyuma, roho juu.

Mkaguzi akamuuliza, "Binti, kabla ya kula tufanyeje?"

"Tunawe mikono, mikono, mikono, bwana."

Darasa zima likaitikia hivyohivyo!

"Mbona mara tatu?"

"Ndivyo santuri inavyosema."

Mwalimu akaipiga. Ina mkwaruzo, inakwama palepale kwenye mikono!

Kumbe ndiyo maana nyumbani ananawa mara tatu. Na maji nachota mie baba yake, maana mama yake ni marehemu!

Mkaguzi akaichomoa santuri. "Binti apande. Hii ndiyo irudie darasa."

Nikikumbuka maji yote niliyochota, hata kucheka nimeshindwa. Nyie mngeweza?