Uwanja Uliokatwa Pembeni

Hii isikieni vizuri, nyie wenye macho mazima.

Kwenye gemu ya mpira, Avelina alifunga goli la nne kutokea winga ya kulia, na mumewe hakusogeza hata beki mmoja. Mume akasema yule mchezaji yeye hakumwona. Akasema kioo kinakata pembeni.

Avelina akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Hao ni mke na mume, wanakaa mtaa wa Izia. Adriano ni fundi seremala. Avelina anatoa kopi kwenye duka la stationari kule Mazwi. Watoto Mungu hakuwajalia. Walikuwa na pleistesheni moja ya zamani, na kila jioni baada ya ugali walichapana mpira mpaka mmoja aseme yaishe.

Miaka yote Adriano ndiye alikuwa mbabe. Mwaka huu akaanza kufungwa ovyo.

Na tivii yao kweli ilikuwa na kasoro. Ilikuwa ya kichogo, zile nene za zamani, inakula kingo za picha, hata saa ya mchezo pale konani ilionekana nusu. Basi bosi alipobadilisha kompyuta za dukani, Avelina akaomba kioo kimoja kati ya vile vya zamani. Akakifunga kwenye kitenge, akapanda nacho bodaboda, amekikumbatia njia nzima.

Kuunganisha ikawa shughuli. Waya wa HDMI uliingia, kioo kikabaki cheusi.

Akampigia Loth, fundi simu wa sokoni. Loth akamwelekeza abonyeze swichi ya gemu asiachie mpaka ilie mara ya pili, ili isahau waya wa tivii. Akabonyeza. Ikalia. Kioo kikawaka. Sauti hakuna, akachomeka spika ndogo kwenye tundu la hedifoni.

Picha ilikuwa kali, jamani. Nyasi unaziona moja moja. Namba ya jezi unaisoma ukiwa mlangoni.

Akamkalisha mumewe mbele, akisubiri kusifiwa.

Adriano akatazama kwa muda mrefu. "Bado kinakata," akasema taratibu.

Avelina akaingia kwenye mipangilio, akatanua picha mpaka ikagusa fremu pande zote. Akamuuliza tena. Jibu lilelile.

Hapo hasira zikampanda. Akamwambia hana shukrani. Akamwambia amezoea kushinda, sasa anasingizia kioo.

"Kufungwa na mwanamke ndiyo kunakuuma hivyo?"

Adriano aliweka padi chini, akanyanyuka kwenda chumbani, bega likagonga fremu ya mlango alioutengeneza mwenyewe.

Ule mshindo ndio uliomzindua Avelina. Akakumbuka baiskeli ambayo mumewe aliiparamia uani wiki iliyopita. Akakumbuka kidole alichokikata kwa msumeno. Akakumbuka magoli yote aliyomfunga akipitia pembeni.

Asubuhi, baridi ikiwa bado imekaza, akamwambia waende kliniki ya macho. Adriano akavaa koti bila ubishi.

Walipofika, nesi akamtazama yule mwanamume kama mtu anayemfahamu.

"Umerudi, kaka Adriano. Tangu mwezi wa pili tulikuomba uje na mwenzako."

Na huo ulikuwa mwezi wa nane.

Ilikuwa presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, kimya kimya, bila maumivu. Matone yanasaidia kulinda kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi. Adriano aliyajua hayo yote. Kichupa cha dawa alikificha karakana, ndani ya boksi la misumari.

Nje, kwenye benchi, Avelina akamuuliza kwa nini alimficha.

"Kila jioni ulikuwa unanicheka, nami nilikipenda kicheko hicho," Adriano akasema. "Ningekuambia, ungeanza kunihurumia. Ungeniachia nifunge."

Avelina alilia pale mpaka watu wakageuka. Ugonjwa ulimuuma, lakini kilichomkata maini ni yale maneno yake ya jana. Mumewe alikuwa tayari kuitwa mtu asiye na shukrani, ilimradi mkewe aendelee kumcheka.

Siku hizi wakishakula wanakaa tu, redio inaongea. Avelina alijaribu mara moja kumwomba wacheze. Adriano akamwambia acheze, yeye atasikiliza. Avelina hakufika hata dakika ya kumi, akazima.

Ndugu zangu, mwenzio akikuambia haoni, usikimbilie kumbadilishia kioo. Muulize kwanza anaona nini, kisha nyamaza umsikie.