Shangazi na Mgeni wa Chumba cha Pasi

Shangazi yangu ni mpiga pasi katika nyumba ya wageni ya serikali, na ukitaka akuchambe, mwambie hiyo ni kazi ndogo. Wajumbe wa ile nyota ya mbali walipokuja kutia saini mkataba wa amani, yeye ndiye aliyepewa majoho yao, afanye kazi pamoja na mtumishi wao mmoja, kiumbe mrefu mwenye vidole vingi kupita kiasi. Shangazi akamwita Vidole. Walivyopatana hao! Mchana kutwa ni vicheko tu chumbani mle.

Asubuhi ya kutia saini, bendera yetu haikuonekana. Mlinzi akasema alimwona Vidole akiikunja. Basi, ikawa imetosha! Mkuu wa itifaki akamwita mwizi mbele ya wajumbe wote. Na kwao, aliyeitwa mwizi ugenini hapokelewi tena nyumbani, hata na mama yake mzazi, mpaka aliyemshtaki afute kauli kwa kinywa chake mwenyewe.

Shangazi akakataa katakata kuamini. Alipekua nyumba nzima mpaka kwenye tanuri la taka, akachakura majivu, akaibuka na zile pete za shaba za kufungia bendera. Mchoma taka wala hakuficha.

"Dada, mimi nimeagizwa na mkuu. Chochote wanachogusa hawa, nichome. Eti wana maradhi."

Mashuka, vikombe, hata viti! Jamani, na bendera Vidole aliikunja kwa heshima tu.

Shangazi akampelekea mkuu zile pete. Mkuu akafunga mlango.

"Mama, unataka nikawaambie nini? Kwamba tunawachekea huku tunachoma vikombe vyao? Nenda kapige pasi."

Alivyopandwa na hasira! Akaenda mwenyewe kwa balozi wao, akamwaga yote.

"Moshi tumeuona tangu tulipofika," balozi akasema. "Tukanyamaza kwa ajili ya amani. Najua kijana hana hatia. Lakini wewe hukumshtaki, huwezi kumsafisha. Mkuu wako atakuja?"

Shangazi akarudi mbio kwa mkuu. Akabisha, akaita, akaupiga mlango teke. Katibu, bila hata kuinua macho, akamwambia mkuu ameenda kula.

Mimi ningemfuata hukohuko mezani nimburute kwa tai. Shangazi alikwenda chumba cha pasi, kwa sababu Vidole alikuwa amekaa humo akimsubiri, na lazima mtu amwambie.